Ekari ya Mwingereza, kwa Kijerumani tuiiteje?

SWALI: Shikamoo dada. Natafsiri hadithi toka Kiingereza kwenda Kijerumani, kuna mzee anasema shamba lake ni ekari 40 (acre), mi nikaandika Acker 40. Mwenzangu kaniambia hapo nimechemka, niweke Morgen. Sasa Morgen si ndo asubuhi? Nisaidie tafadhali.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwenzako yuko sahihi kwenye Acker, kwenye Morgen hapana.

Acre na Acker ni ndugu kabisa, zamani zote zilikuwa na maana ya shamba, ila kwa Waingereza neno likageuka kipimo na kwa Wajerumani likabaki shamba la kulima basi. Kwa hiyo Mjerumani akiona Acker 40 anaelewa mashamba 40, na hata hapo atashangaa maana wingi wake ni Äcker, mzee mwenye kipande kimoja umeshamgawia viwanja arobaini huku na huku.

Morgen ni asubuhi kweli, na ndo hiyohiyo, eneo ambalo mtu na plau yake anamaliza kulima asubuhi moja. Neno zuri jamani, mi nalipenda sana. Shida ni ukubwa, kila mkoa ulikuwa na Morgen yake, ya Prussia ilikuwa kama mita za mraba 2,553 wakati ekari ya Mwingereza ni 4,047, sasa piga hesabu, Morgen 40 za Prussia ni hekta 10 na kidogo, shamba la mzee ni hekta 16 na kidogo, yaani umemnyang'anya hekta 6 kwa neno moja tu! Bavaria nako walikuwa na Tagwerk, kazi ya siku, na hii kimaana ndo inaikaribia zaidi ekari maana nayo ilianza kama eneo la kulimwa na ng'ombe kwa siku moja, lakini ukiiweka msomaji atajikuta Bavaria na mzee wako ni wa Uingereza.

Mi ningeandika Acre hivyohivyo, kwa A kubwa kama nomino zote za Kijerumani, jinsia yake ya kiume, der Acre. Wajerumani wanalijua, na linamwacha mzee kwao. Usimtie hekta mdomoni, mkulima wa Kiingereza wa zamani hawezi kusema nina hekta 16 nukta 19, hadithi inakufa palepale.

Ila ingekuwa mkataba au tangazo la kuuza ardhi ningekwambia weka hekta bila kusita, mnunuzi anataka kujua analipia nini. Na hapo angalia alama, Mjerumani anaandika 16,19 kwa mkato sio kwa nukta, na elfu ndo anaitenga kwa nukta, ukinakili namba ya Kiingereza ilivyo unaweza ukamuuzia mtu shamba ambalo halipo.