Uoni unaofifia baada ya mshipa wa kichwani kuzungushiwa pamba: jibu kwa ndugu aliyeuliza kuhusu dada yake

Ndugu yangu, umeeleza kwamba dada yako alipasuliwa kichwa, uvimbe wa mshipa wa damu (sehemu dhaifu ya ukuta wake iliyofutuka kama puto) ukashindikana kubanwa kwa klipu, ukazungushiwa pamba, na sasa, miezi kadhaa baadaye, jicho lake la kulia linafifia huku akishauriwa anunue miwani. Mimi ni mkazi wa Jinja, Uganda, nami nilizungushiwa mshipa vivyo hivyo nchini India; uoni ulianza kupungua nilipokuwa nimekwisha kurudi kazini.

Mbinu hiyo ni ya zamani. Norman Dott aliifanya Edinburgh mwaka 1931 kwa kipande cha msuli wa mgonjwa mwenyewe, na baadaye wapasuaji wakatumia pamba na kitambaa cha muslini, kwa kuwa nyuzi hizo huuchokoza mwili ujenge kovu la kuimarisha ukuta wa mshipa. Shida ni kwamba mwili haujui pa kuishia. Uvimbe wa namna hii mara nyingi hutokea jirani na neva za macho, na uchokozi ule ukitambaa hadi zinapokutana neva hizo, uoni hufifia wiki, miezi au hata miaka baada ya upasuaji, ingawa jicho lenyewe ni zima. Ndiyo maana miwani haikunisaidia kitu, na sioni itamsaidiaje dada yako.

Kwangu dalili ya kwanza ilikuwa rangi: nyekundu ilionekana imepauka kwa jicho moja. Kisha nikawa sizioni bodaboda zinazotokea ubavuni, na kipimo cha upeo wa kuona kikaonyesha sehemu iliyopotea.

Mpeleke kwa daktari wa macho na kwa mpasuaji wa ubongo pia, hospitali ya Mulago jijini Kampala au kwingineko, mkiwa na ripoti ya upasuaji mkononi. Ripoti hiyo ni muhimu kuliko barua zote za rufaa (nyingi huandika tu "alipasuliwa kichwa"). Kwanza, hueleza kama kuna klipu na ni ya aina gani, maana baadhi ya zile za zamani ni hatari ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku yenye nguvu. Pili, anayesoma picha ya MRI iliyopigwa kwa gadolini (dawa ya sindano inayofanya sehemu zenye uchokozi zing'ae) asipojua kwamba pale pana pamba, anaweza kudhani ameona jipu au saratani.

Mimi nilitibiwa kwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uchokozi huo. Uoni ulirudi kiasi, si wote, na sukari ilipanda, kwa hiyo ipimwe mara kwa mara, wala asiache vidonge ghafla. Wengine hupasuliwa tena kupunguza pamba, kazi ngumu kwa sababu huwa imegandamana na neva na mishipa.

Kuzungushia hakuuzibi uvimbe wa mshipa. Akipatwa na maumivu makali ya ghafla ya kichwa, kope ikaanguka au mboni ikapanuka, msisubiri miadi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.