Dawa za homa ya ini na sonona: majibu kwa wasomaji

Swali: Mwaka 2009 kaka yangu, aliyekuwa akiishi Ujerumani, alitibiwa homa ya ini aina ya C kwa sindano ya kila wiki. Baada ya miezi miwili akawa hapokei simu na analia bila sababu. Nyumbani walisema amerogwa. Je, ni dawa?

Jibu: Yaelekea ni dawa. Sindano hiyo bila shaka ilikuwa interferoni, ambayo wakati huo ilitolewa pamoja na vidonge vya ribavirini kwa wiki 24 hadi 48. Interferoni ni protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kupambana na virusi, lakini ikiingizwa kwa wingi huamsha kimeng'enya kinachovunja triptofani, kirutubishi cha chakula ambacho ndicho malighafi ya serotonini, kemikali ya ubongo inayosaidia kutuliza hisia. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuugua akili aliweza, ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kukosa usingizi, kufokea watoto kwa jambo dogo, kususia chakula na hata kuwaza kujiua. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipata sonona. Wengi walirudia hali yao ya kawaida baada ya kumaliza dozi, na dawa za sonona zilipoanzishwa mapema ziliwasaidia wengi kufika mwisho wa matibabu. Tatizo ni wale walionyamaza mbele ya daktari.

Swali: Nina aina ya C na niliwahi kuugua sonona. Niogope matibabu?

Jibu: Usiogope. Tangu sofosbuviri, kidonge cha kupambana na virusi vya aina ya C, ilipoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2013, interferoni imeachwa karibu kabisa kwa aina hii, na vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hasa karbamazepini, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, kwa kuwa hupunguza nguvu ya sofosbuviri.

Swali: Natumia tenofoviri kwa aina ya B, na siku hizi sina raha. Niiache?

Jibu: Usiiache. Tenofoviri si interferoni, na ukiikatisha ghafla virusi vinaweza kuibuka upya na kuliumiza ini vibaya. Ikiwa unaishi pia na VVU na kidonge chako cha mchanganyiko kina efavirenzi, mojawapo ya dawa za VVU, hiyo ndiyo ya kuitilia shaka, maana inajulikana kwa ndoto za kutisha na huzuni. Uliza kliniki kama inafaa kubadilishwa. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali leo, pamoja na mtu unayemwamini, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.