Ufinyanzi Nyanda za Juu Kusini: pa kujifunzia, na namna ya kuomba nafasi ukapewa

Kijana wa Mbeya au Iringa anayetaka kuwa mfinyanzi huanza kutafuta chuo. Nashauri aanze na udongo, tena aanze siku ya Jumamosi katika soko la Lyulilo, jirani na Matema. Vyungu vya Wakisi hufika hapo kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vya ufukwe wa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Wanaovifinyanga ni kina mama, kwa mikono, bila gurudumu. Anayepita kwao kwanza huingia chuoni vidole vyake vikiwa vimeshajua unene wa ukuta wa chungu. Asiyepita huko hujikuta mbele ya jopo la usaili akionyesha picha nzuri, ila hawezi kueleza kwa nini chungu chake hakikupasuka.

Kujifunza kwa kina mama hawa kuna adabu yake. Nenda bila kamera mkononi, salimia, nunua chungu kimoja au viwili, kisha omba kuonana na mama mkubwa wa kazi au mwenyekiti wa kikundi. Patana malipo ya kila siku kabla hujagusa udongo. Kuni, chakula chako na udongo utakaouharibu uvihesabu mbali, kwa sababu mwanafunzi huharibu udongo mwingi na mtu mwingine ndiye aliyeuchimba. Picha omba baadaye, na jina la mwalimu wako liandikwe popote utakapoonyesha ulichojifunza kwake, akikubali. Panga kukaa wiki mbili au tatu, ili uone kazi nzima tangu kuchimba mpaka kuchoma. Anayekaa siku mbili huona kufinyanga tu, na kufinyanga ndiyo sehemu nyepesi.

Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba. Kyela mvua ni nyingi mno, hasa Machi hadi Mei, na kuchoma uwanjani kwa kuni mbichi ni kupoteza vyungu.

Ujue udongo wako kwa namba

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Chukua udongo kilo mbili hivi kutoka kila shimo, chini ya tabaka lenye mizizi, na uweke alama shimo lilipo. Finyanga kijiti chenye unene wa kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasukapasuka, udongo huo hauna mvuto wa kutosha, na peke yake hautasimama ukuta mrefu. Kisha tengeneza vibao vitano vya urefu wa sentimita 14, upana 4 na unene 1. Juu ya kila kimoja chora mstari wa sentimita 10 kamili. Vikikauka kabisa, pima mstari. Ukisoma 9.3, udongo umesinyaa asilimia 7. Vichome, pima tena. Ukisoma 8.9, jumla ni asilimia 11. Andika yote mawili.

Kusinyaa kukizidi asilimia 8 kabla ya moto, tegemea nyufa kwenye kitako na mahali mshikio ulipounganishwa. Dawa yake ni mchanga safi au magae ya vyungu yaliyotwangwa na kuchekechwa. Anza na sehemu 10 kwa 100 za udongo mkavu, kisha jaribu 15, kisha 20, kila mchanganyiko na vibao vyake. Ukizidisha, chungu kinakuwa dhaifu na midomo inamong'onyoka.

Dondoshea siki kwenye bonge kavu. Likitoa povu, kuna chokaa. Vipande vya chokaa vikichomwa hugeuka chokaa kali, halafu hunyonya unyevu wa hewani, vikavimba na kurusha magamba ya chungu siku kadhaa baada ya kuchomwa, wakati mwingine kikiwa tayari kwa mteja. Chekecha udongo ukiwa uji, kwa chekeche la matundu madogo, au achana na shimo hilo.

Kipimo cha mwisho ni unyonyaji. Pima uzito wa kibao kilichochomwa, kichemshe saa mbili, kiache kipoe majini, kipanguse, pima tena. Tofauti gawanya kwa uzito wa kwanza, zidisha kwa 100. Vyungu vya moto wa uwanjani hunyonya sana, na hilo si kasoro kwa kazi yake: mtungi hupoza maji kwa sababu maji hupenya ukutani na kukauka nje, na chungu cha kupikia hustahimili mafiga kwa sababu mwili wake ni wa chengachenga. Kwa sahani na vikombe vya hoteli unyonyaji huo haufai. Huko unahitaji moto mkubwa na glezi, ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo. Anayetaka kupandisha uvumilivu wa udongo wake kwa moto huo ajaribu kuchanganya kaolini, ule udongo mweupe unaopatikana Pugu karibu na Dar es Salaam, na Malangali wilayani Mufindi.

Moto

Maji yaliyobaki ukutani hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, na mvuke ndio unaopasua vyungu katika nusu saa ya kwanza. Kati ya nyuzi 450 na 600 hutoka maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe. Chungu kisichovuka hapo kitarudi kuwa tope kikilowekwa. Kwenye nyuzi 573 mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika umbo ghafla na kutanuka, na wakati wa kupoa husinyaa tena hapohapo. Kufunua vyungu mapema ili uvione ndiko kunakoleta ule ufa mwembamba unaosikika unapogonga chungu kwa kidole: kinatoa sauti iliyokufa badala ya kulia.

Hali ya hewa ya kwetu nayo ina mambo yake. Asubuhi za Juni na Julai Mbeya mjini, Njombe au Makete ni za baridi na ukungu, hivyo chungu kinachoonekana kikavu bado kina maji. Kiguse shavuni, kikiwa cha baridi, bado. Kipashe moto taratibu kando ya makaa, na ushike kipande cha kioo baridi juu ya mdomo wake. Kioo kikiendelea kupata jasho, usikiingize motoni. Matema mambo ni kinyume: joto na upepo wa ziwa hukausha mdomo haraka kuliko kitako, ukapasuka. Funika midomo kwa nailoni au majani ya mgomba, acha kitako kiifikie.

Pumba za mpunga, ambazo Kyela na Mbarali zipo kwa wingi, huungua polepole na kueneza joto. Pia ndizo za kutia weusi: ukivifukia vyungu vikiwa bado vyekundu kwa moto, hewa inakosekana na kaboni inaingia ukutani. Chungu kilichosuguliwa vizuri kwa jiwe laini kabla ya kukauka hutoka kinang'aa cheusi bila rangi yoyote.

Nawaambia hili wale wanaodhani kazi ya mkono isiyo na glezi haifiki mbali. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda miaka ya 1970 kujifunza Abuja, Nigeria, katika kituo alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew na alikofanya kazi Ladi Kwali, mfinyanzi mwanamke ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo hufinyanga kwa mkono, husugua, hatumii glezi. Moto wenye hewa humpa rangi ya chungwa, moto unaonyimwa hewa humpa weusi. Kazi zake ziko British Museum. Hizo ni mbinu ambazo mama wa Ikombe angezitambua mara moja.

Vyuo, mikopo, na nafasi za nje

Kwa shahada, Makerere jijini Kampala ina ufinyanzi katika Shule ya Margaret Trowell, na jina lake linajulikana. Kwa hapa nyumbani, ulizia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, na kituo cha mafunzo ya ufundi cha VETA cha mkoa wako ni kozi gani zinafunguliwa mwaka huo. Popote uendapo, uliza maswali manne kabla ya kulipa ada: tanuri ni la umeme, gesi au kuni? Linawashwa mara ngapi kwa muhula? Nani analipia? Mwanafunzi anaruhusiwa kulipakia na kulisimamia mwenyewe? Chuo ambacho tanuri lake ni bovu kitakufundisha kuchora vyungu.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi Mbeya na Iringa, na inafaa zaidi kwa biashara: mafunzo ya ujasiriamali, vifungashio, kushiriki maonyesho. Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ni pazuri pa kupata wanunuzi wa jumla. Mtaji unaweza kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, hivyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba na akaunti ya benki. Msanii ajisajili pia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Baadhi ya waandaaji wa nje huomba uthibitisho kwamba wewe ni msanii kweli.

Nje kuna karakana zinazopokea wasanii kwa wiki au miezi kadhaa wafanye kazi zao wenyewe. Zinazoheshimika ni Archie Bray huko Helena, Montana, Marekani, EKWC ya Oisterwijk, Uholanzi, Guldagergaard ya Skælskør, Denmark, Shigaraki, Japani, na studio ya Kecskemét, Hungaria. Zinatofautiana sana kwa fedha: nafasi moja inakulipa posho, nyingine inakupa chumba na tanuri tu, nyingine wewe ndiye unayelipia kila kitu. Soma sehemu ya gharama kabla ya kusoma sifa. Barua inayokupongeza kwa nafasi ambayo hukuiomba, kisha ikadai utume ada ya viza, ni ya wezi.

Maombi mengi hutaka picha kumi hadi ishirini. Piga kivulini au karibu na dirisha, nyuma weka kitambaa au karatasi ya kijivu isiyo na mikunjo, chungu kimoja kwa picha, na picha moja au mbili za karibu zionyeshe uso wake. Maua na vitenge viondoe. Chini ya kila picha andika jina la kazi, mwaka, kimo na upana kwa sentimita, udongo, na joto la kuchomea. Wenzetu hutaja joto kwa koni, vipande vidogo vya udongo vinavyopinda tanuri likifikia joto fulani: koni 06 ni nyuzi 1000 hivi, koni 6 ni kama 1220, koni 10 inakaribia 1300. Kama umechoma uwanjani, sema hivyo na utaje kuni au pumba.

Kwenye maelezo ya mradi, maneno 200 yanatosha: utatengeneza nini, kwa nini unahitaji karakana ile na si nyingine, na utarudi na nini. Hapo ndipo lile daftari la vibao linapokulipa. "Udongo wa Ikombe unasinyaa asilimia 11, nataka kujua utabaki na rangi gani kwenye koni 6" ni sentensi inayompa msomaji sababu ya kukuchagua. "Napenda sanaa tangu utotoni" haimpi.

Ukitakiwa kutuma kazi, weka kila chungu katika boksi lake, boksi hilo ndani ya jingine, na sentimita 5 za sponji au nyasi bandia pande zote. Nyasi halisi na majani ya mgomba usitumie, yatazuiwa kwenye ukaguzi wa mimea. Kasha la mbao ghafi nalo litazuiwa mpaka liwe na muhuri wa kupashwa joto dhidi ya wadudu, kwa hiyo kwa vyungu vidogo maboksi magumu ya karatasi ni rahisi zaidi. Ndani jaza chungu kwa karatasi zilizokunjwa, usizishindilie. Ukuta unasukumwa kutoka ndani na kupasuka njiani hata kama boksi halikuanguka.