Sindano na Uzi: bibu iliyojikunja, nepi isiyonyonya

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaosubiri mtoto wa kwanza, cherehani ni ya kuazima na kitenge kipya kiko mezani. Hatukuzipanga kwa tarehe zilivyofika. Tumezipanga jinsi zitakavyomfaa anayeanza.

SWALI: Nimebakiza miezi mitatu kujifungua. Nimeazima cherehani nyeusi ya kukanyaga, nina doti moja ya kanga na mita mbili za kitenge. Nilitaka kuanza na gauni la mtoto, jirani yangu ambaye ni fundi akanicheka. Nianze na nini? – Mama mtarajiwa, Morogoro

Jirani ana haki ya kucheka kidogo. Mkono wa gauni la mtoto mchanga ni mwembamba mno, hata mzoefu hung'ata ulimi akiuzungusha chini ya mguu wa cherehani. Dada, anza na vitu bapa vya pembe nne. Cha kwanza kiwe kitambaa cha kucheulia, kile kinachotupiwa begani mtoto akimaliza kunyonya.

Kata vipande viwili vya sentimita 27 kwa 47, kimoja cha kanga, kingine cha flaneli au taulo jepesi. Viweke uso kwa uso, shona kuzunguka sentimita 1 kutoka ukingoni, ubakize mwanya wa sentimita 8 katikati ya upande mrefu. Mwanya usikae kwenye pembe, kwa sababu pembe iliyofungwa kwa mkono haikai sawa tena. Punguza ncha za pembe kwa mkasi, geuza, piga pasi, halafu pitisha mshono wa juu milimita 3 kutoka ukingoni. Huo ndio utakaoufunga ule mwanya. Kikiisha kitakuwa 25 kwa 45. Shona sita. Ukifika cha nne mistari itakuwa imeanza kunyooka, na mtoto hatajali vile vitatu vilivyopinda.

Ila kabla ya mkasi, fua. Kanga na kitenge vipya vimetiwa wanga, na pamba hurudi ikiingia majini: mita moja hupoteza kwa kawaida sentimita 3 hadi 5, flaneli wakati mwingine zaidi. Ukishona kipande kilichofuliwa na kisichofuliwa pamoja, kazi yako itakunjamana siku ya kwanza ya dobi. Jaribu na rangi pia: lowesha pembe ya kanga, weka kitambaa cheupe juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto. Cheupe kikipata rangi, rudia kufua mpaka kisipate.

Na angalia jina la kanga linaangukia wapi kabla ya kukata. Yako maneno ambayo hungependa yasomwe mgongoni mwa mtoto mchanga.

SWALI: Uzi wa chini unajivuruga kama katani kila ninapoanza mshono. Nimebadilisha bobini mara mbili, hali ni ile ile. – Msomaji, Singida

Acha bobini, haina kosa. Uzi ukijivuruga chini, kasoro mara nyingi iko juu: uzi haukuingia katikati ya vile visahani viwili vinavyoubana, kwa hiyo unashuka ovyo. Inua mguu wa cherehani, utoe uzi wote, uupitishe upya. Unapoanza, shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu kwa mishono mitatu ya kwanza. Na kama cherehani ni ya kukanyaga, gurudumu la mkono lizunguke kuja kwako. Mguu wako ukikosea likarudi nyuma hata nusu duara, uzi umeshasokotana.

SWALI: Bibu zangu zinajikunja pembeni, na shingoni zina mikunjo isiyotoka hata kwa pasi. Mbele ni kitenge, nyuma ni taulo. – Anayejaribu, Dodoma

Hapo pana makosa mawili au matatu yaliyokutana.

La kwanza ni taulo. Taulo linavutika, kitenge hakivutiki. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu wa cherehani hukikawiza kile cha juu, hivyo vipande viwili vilivyokatwa sawa humaliza safari vikiwa na urefu tofauti. Weka taulo chini na kitenge juu, ili meno yaweze kulimeza lile lenye ziada. Bana kwa pini kila baada ya sentimita 4, au piga bandi kuzunguka kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda. Wanaoanza huiona bandi kama kupoteza muda. Kufumua taulo lililoshonwa hupoteza muda zaidi, maana uzi huzama kwenye manyoya usiuone.

La pili ni mkao wa nyuzi. Urefu wa bibu ufuate ukingo wa kitambaa uliofumwa kiwandani, yaani mtande, kwa vipande vyote viwili. Ukikata kimoja wima na kingine mshazari ili kubana kitambaa, kile cha mshazari kitajinyonga kila kikifuliwa.

Shingo ndiyo yenye kisa kirefu. Mviringo unaoingia ndani, kama wa shingo, ukigeuzwa unahitaji kupanuka. Usipoupa nafasi ndipo unakunjamana. Ukishamaliza kushona, punguza taulo pekee libaki milimita 4 kutoka kwenye mshono, kisha chanja vipande vyote kwa mkasi mkali kila sentimita 1, uishie milimita 2 kabla ya mshono. Mviringo unaotoka nje, kama wa chini ya bibu, una shida ya kinyume: ukigeuzwa kitambaa kinasongamana ndani. Huo usiuchanje, ukate vipembetatu vidogo. Mishono kwenye miviringo iwe mifupi, milimita 2 badala ya 2.5 ya kawaida.

Kwa mtoto wa miezi mitatu hadi tisa, upana wa sentimita 22 na urefu wa 32 unatosha. Tundu la shingo lichore kwa kufunika kikombe cha chai chenye mdomo wa sentimita 9, na ncha mbili za nyuma zipandane sentimita 3. Usiweke kamba za kufunga. Kamba shingoni mwa mtoto ikinasa mahali haiachii, ilhali velkro au kibonyezo (kifungo cha kubonyeza) huachia kikivutwa. Kata pembe za velkro ziwe za mviringo, na upande wa kulabu utazame nje usije ukamkwaruza. Ukitumia kibonyezo, tia kiraka kidogo cha kitambaa kigumu katikati ya tabaka, la sivyo siku moja kitang'oka na kipande cha bibu, na kitu kidogo kama hicho hukawii kukikuta mdomoni mwa mtoto.

SWALI: Nimeshona nepi 12 za flaneli, tabaka tatu kila moja. Mkojo haunyonywi, unateleza na kutoka pembeni. Nimekosea kipimo? – Mama wa kwanza, Kigoma

Kipimo kinaweza kuwa sawa. Anza na kitambaa chenyewe. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio juu ya sinki au bakuli la maji, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Flaneli nyingi za sokoni ni mchanganyiko, na kadiri poliesta inavyozidi ndivyo maji yanavyokosa pa kuingia. Ukipata kitone, nepi hizo zigeuze vitambaa vya kupangusia, usisumbuke nazo.

Kama ni pamba tupu, bado mpya hainyonyi vizuri. Ina mafuta yake ya asili na dawa za kiwandani. Ifue kwa maji ya moto mara nne hadi sita kabla ya kuihukumu. Ukishaanza kuitumia, adui ni wawili: maji ya kulainishia nguo, na mafuta ya mgando unayompaka mtoto makalioni. Vyote huacha utando juu ya nyuzi. Dawa yake ni kuchemsha nepi dakika 10 hadi 15 kwa sabuni kidogo, kisha kusuuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki nayo huzuia maji na kuwasha ngozi.

Sasa umbo. Tabaka tatu kila mahali ni nyingi kiunoni na chache katikati, mahali penyewe panapolowa. Nepi ya sentimita 30 kwa 35 iwe na tabaka mbili pembeni, na katikati kipande cha upana wa sentimita 11 chenye tabaka sita. Kipande hicho kishikize upande mmoja tu, wa mgongoni, kining'inie kama ulimi. Tabaka nane zilizofungwa pande zote hazikauki wakati wa masika, zinanuka. Njia nyingine haihitaji kukata umbo lolote: taulo la pamba la mraba, 60 kwa 60, lililopindwa ukingo tu. Unalikunja utakavyo, na linakauka upesi kuliko yote.

Ukifunga kwa pini, basi pini ipite kwenye nepi, isitoboe kile kifuniko cha nje chenye utando wa plastiki. Kila tundu la sindano hapo ni mlango wa mkojo. Hata unaposhona kifuniko hicho, shikilia kwa vibanio vya kuanikia nguo badala ya pini.

Jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo hulisahau. Kwetu yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutoa jipu. Nepi zote zikaushe vizuri na kuzipiga pasi ya moto pande mbili, ukikawia kwenye mishono minene. Kifuniko chenye plastiki hakiwezi pasi, kitayeyuka, kwa hiyo kianike ndani ya nyumba.

SWALI: Nilikata fulana yangu ya zamani nimshonee mwanangu kofia. Haikupita kichwani, na nilipoivuta mshono ukakatika wote. – Baba mtarajiwa, Mwanza

Hongera, kaka, kwa kutochagua kitambaa kipya. Fulana iliyochakaa ni laini kuliko chochote kilichoko dukani.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa muda wake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na akifika miezi sita hukaribia 43. Kofia ya jezi, yaani kitambaa kinachovutika kama cha fulana, iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 1 hadi 2. Kata vipande viwili vya upana wa sentimita 18 na urefu wa 17, juu ukavichonga kama nusu yai, ukishona kwa kuacha milimita 7.5. Utapata mzunguko wa 33. Kabla ya kukata, vuta fulana pande zote mbili. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke kichwa. Tunashuku hapo ndipo ulipokosea, kwa sababu kofia iliyokatwa kinyume hubana hata ikiwa na vipimo sahihi.

Mshono ulikatika kwa kuwa mshono wa moja kwa moja hauvutiki pamoja na jezi. Kwenye cherehani inayoshona zigizaga, weka upana milimita 1 na urefu 2.5. Kwenye ile ya kukanyaga, shona kwa milimita 2 huku ukikivuta kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya sindano. Ukizidisha, ukingo utakuwa mawimbi. Sindano iwe ya ncha butu namba 75/11. Yenye ncha kali hutoboa nyuzi za jezi, na baada ya kufua mara mbili utaona vitundu vimefuatana kando ya mshono.

SWALI: Naomba vipimo vya mito ya kuzungushia kitanda cha mtoto pamoja na kijimto cha kichwa. – Bibi mtarajiwa, Arusha

Shikamoo bibi. Vipimo hivyo hatutavitoa. Mto laini kando ya uso wa mtoto asiyeweza kugeuka unaweza kumziba pumzi, na Marekani ilipiga marufuku mito hiyo ya kuzungushia kitanda mwaka 2022. Mwaka wa kwanza, kitandani kuwe na godoro gumu kidogo, shuka lililobana, na mtoto. Basi.

Shuka hilo ndilo la kumshonea mjukuu. Kwa godoro la 60 kwa 120 lenye unene wa 10, kata kitambaa cha 96 kwa 156, kitenge cha kawaida kinatosha upana. Kata mraba wa sentimita 18 kila pembe, shona kingo mbili za kila mraba pamoja, pinda ukingo sentimita 2, na upitishe lastiki kuzunguka. Likifyatuka pembeni unapolivuta kwa mkono, kaza lastiki.

SWALI: Nabeba kwa leso kama kawaida, lakini nimeona mbeleko za pete na nataka kujishonea. Fundi wa vyuma atanikunjia pete. – Msomaji, Mombasa

Pete iliyokunjwa ina kiungo, na kiungo hufunguka. Tafuta pete mbili za alumini au nailoni zilizotengenezwa kwa ajili ya mbeleko, zisizo na ungio, zenye tundu la sentimita 7.5 hivi. Leso moja haitoshi kwa urefu. Chukua pamba iliyofumwa imara isiyovutika, mita 2 kwa sentimita 70. Kunja ncha moja kwenye pete zote mbili, ipindie sentimita 20 chini, na uishone mistari mitatu ya uzi wa poliesta, sentimita 1 kati ya mstari na mstari, kwa sindano namba 100/16.

Kabla ya kumweka mtoto, ning'iniza humo dumu la maji la lita 20 usiku kucha. Asubuhi kagua mishono kwa kidole. Ukikuta hata uzi mmoja umechomoza, fumua mstari huo wote uushone upya, kisha urudishe dumu.