Kabla hujauliza viyoyozi vingapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Chanika aliniandikia: "Dada, boma limesimama, naingia kwenye kupaua. Nifunge viyoyozi vingapi ili nyumba ipoe?" Nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaona niwaletee na ninyi, maana humu kila mtu ana kiwanja mahali, na asiyenacho anakitafuta.

Swali lenyewe lilinikereketa. Viyoyozi vingapi! Tunajenga tanuri kwa jasho letu wenyewe, halafu tunanunua umeme wa kulipoza.

Kiwanja changu kipo Bunju, na barabara inapita magharibi yake. Fundi alikuwa ameshanyoosha kamba za msingi, sebule na vyumba viwili vya kulala vikitazama barabarani, kwa sababu nyumba bwana, lazima ionekane. Nikamwambia ang'oe vigingi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na ubavu mfupi ndio ukae barabarani. "Mama, nyumba itaipa barabara kisogo." Nikamwambia na iipe.

Siku ya kupaua ndipo shemeji yangu mmoja aliposema mbele za watu kwamba najenga banda la kuku. Bati jeupe, upenu umechomoza karibu mita nzima, ukuta wa barabarani una kidirisha cha choo basi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Siwafichi, neno lile bado ninalo rohoni. Yeye baadaye akajenga jumba la kisasa, lile la paa lililojificha nyuma ya ukuta, bati rangi ya mkaa, vioo toka juu mpaka chini upande wa magharibi. Februari kila chumba chake kinanguruma kiyoyozi. Jumapili anakuja kwangu, anavua viatu, anajilaza kwenye sakafu ya kibaraza mpaka alasiri. Sijawahi kumkumbusha. Leo namkumbusha.

Sababu si uchawi. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua linapita juu sana, Juni likiegemea kaskazini na Desemba kusini, kwa hiyo upenu wa sentimita 90 unatosha kuweka madirisha ya pande hizo kivulini. Shida ni asubuhi na jioni. Jua likiwa chini linaingia moja kwa moja, na upenu hauwezi kulizuia. Ukuta wa magharibi unalimeza tangu saa tisa alasiri mpaka jua linapozama, halafu unakutemea joto usiku, wakati ndio unatafuta usingizi. Ndiyo maana nasema upande huo uwape choo, stoo na ngazi, na nje yake uoteshe mwarobaini. Vyumba vya kulala vikae pengine. Na sisi wa pwani tuna bahati: kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini, kwa hiyo nyumba iliyolala hivyo inalikwepa jua na kuupata upepo kwa mpigo mmoja.

Tuje kwenye hela. Feni ya dari ya wati 70 inazunguka zaidi ya saa 14 ndipo imalize uniti moja. Kiyoyozi cha BTU 12,000, mashine ikifanya kazi bila kupumzika, kinaimaliza kwa saa moja hivi. Kwa bei zilizopangwa 2016, aliye kwenye D1, kundi la wenye matumizi madogo ya umeme nyumbani, analipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, ilimradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292. Mimi nipo D1 na nitabaki D1. Ukisikia mtu analalamika LUKU inakimbia, usianze na mita. Nenda kasimame chumbani kwake saa mbili usiku, uweke kiganja ukutani.

Ndugu zangu, tumekuwa watu wa kujengea macho ya wapita njia. Anayepita anaiona nyumba yako sekunde tano na kwenda zake. Wewe utalala humo miaka 30. Ramani unainakili vilevile ilivyo kwenye simu, hujui hata mwenye nyumba ile anaishi nchi gani, na kwao huenda wanalitamani jua. Wazee wa Mji Mkongwe hawakuwa na feni. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba vinavyotiana kivuli, na ua katikati. Leo mtu ana injinia na anashindwa kuuliza jua linachwea wapi.

Kwa aliye na boma tayari, kuligeuza haiwezekani, lakini paa bado liko mikononi mwako. Chukua bati jeupe au la krimu, usidanganywe na rangi ya mkaa. Toa upenu. Acha matundu yenye nyavu chini ya upenu ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu. Ya kufungua nje yanakupa nafasi yote, ila mpange na fundi wa nondo mapema, grili zikae ndani. Magharibi weka kibaraza au mti. Nasema tena, magharibi. Ukimaliza hayo, ndipo uje tuongee viyoyozi, na nadhani tutaongelea kimoja.

Walio Njombe na Makete, msinifuate kichwa kichwa. Baridi yenu kali ni Juni na Julai, na jua wakati huo linapita kaskazini. Dirisha kubwa la sebule litazame huko, upenu wa upande huo uwe mfupi, bati la giza kwenu halina ubaya. Dari tu msiiache, maana bila dari joto la jiko la jioni linapanda na kuishia kwenye bati.