Sahani Iliyorudi Nusu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Rafiki akitaka kujua mahali ulipokula pakoje, unamwambia ukweli wote?" Sasa namwambia. Zamani nilikuwa na makosa mawili, la kunyamaza na la kuropoka, na hili la pili lilimkosesha mama mmoja wateja wake. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Kabla ya kazi niliyo nayo leo niliosha vyombo kwenye mgahawa kwa karibu miaka miwili. Sinki lilikuwa nyuma ya jiko, na ukutani palikuwa na dirisha dogo ambalo wahudumu walipitishia sahani chafu kutoka ukumbini. Kwa dirisha lile nilisikia karibu kila kitu. Mhudumu anauliza, "Chakula kilikuwaje?" Mteja anajibu, "Kizuri sana, asante." Haipiti dakika moja sahani yake inanifikia mkononi: nyama imesukumwa pembeni, imekatwa kipande kimoja tu, na kipande chenyewe kimetafunwa, kikatemwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, kikafichwa chini ya mfupa. Vijikaratasi vya namna hiyo nilivikuta mara nyingi mno. Mtu mzima, pesa kalipa mwenyewe, anaficha tonge lililomshinda kama mtoto anayeogopa kugombezwa, kisha anatabasamu na kusifu.

Mpishi wetu hakuwa mtu wa kutoka jikoni. Akiambiwa wamekisifu, aliamini. Kuna wakati nyama ilirudi ngumu siku sita mfululizo. Mimi niliiona, wahudumu waliiona, wateja waliijua kwa meno yao, na mtu pekee asiyejua ni yule aliyekuwa na uwezo wa kuirekebisha. Siku ya sita nikazipanga sahani tatu juu ya kaunta, bila kuziosha, nikamwita. Alizitazama, akachukua kipande kutoka chunguni, akakitafuna muda mrefu bila kusema neno. Kesho yake nyama ilibandikwa saa nzima mapema kuliko kawaida, na kuanzia hapo mifupa ikawa inarudi mitupu.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema kwamba kumsifu mwenye mgahawa usoni ni adabu tu, nakumbuka zile siku sita. Kumvika mtu kilemba cha ukoka katika mambo ya sherehe pengine hakuna madhara. Kumvika mpishi ni kumwacha aendelee kupoteza watu bila kujua kinachowafukuza, maana mteja aliyesema "kizuri sana" huku akificha tonge hakurudi tena, na huko alikoenda aliwaambia wenzake wasikanyage pale. Ukweli aliusema, ila aliupeleka kwa kila mtu isipokuwa mhusika.

Sasa kosa la kuropoka. Karibu na ninapofanya kazi kuna kibanda cha chakula cha mama mmoja ambaye sitamtaja. Siku moja nilikula pale saa 7 mchana, na ilipofika saa 10 tumbo likanichafuka vibaya. Sikufikiri mara mbili. Jioni ileile nilikuwa nimeshawaambia wenzangu wote: pale msile, nimetoka kuumwa. Niliamini nawafanyia hisani. Kesho yake benchi ambalo huwa tunabanana lilikuwa na watu wawili, na keshokutwa halikuwa na mtu. Siku ya tatu nikapata habari kwamba ndugu zangu wawili nao walikuwa wameugua vilevile, saa zilezile. Hawa hawajawahi kukiona kile kibanda. Tulichoshirikiana ni chakula cha nyumbani cha usiku uliotangulia, tulichokula saa 2, kilichokuwa kimepikwa asubuhi na kushinda mezani.

Baadaye nilijisomea, na naomba kila anayependa kusema "nilikula pale nikaugua" azijue hesabu hizi. Sumu ya bakteria wa Staphylococcus aureus inaweza kukuangusha ndani ya dakika 30 hadi saa 8. Bakteria wa Salmonella huchukua kati ya saa 6 na 72, mara nyingi 12 hadi 36. Kirusi cha norovirus huchukua kama saa 12 hadi 48. Maana yake ni kwamba mlo wa mwisho, ambao ndio kila mtu huushika kwanza, mara nyingi hauna hatia. Kati ya chakula chetu cha usiku na kuchafukwa kwangu zilipita saa 20. Kati ya kibanda cha mama na kuchafukwa kwangu zilipita 3. Nilikuwa nimemtilia mtu mchanga kwenye kitumbua chake kwa sababu ya kutohesabu saa.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta anafunika sufuria iliyojaa, mchana kweupe, saa ambayo siku zote huwa inakwanguliwa. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungekuja ukaniambia mimi kwanza." Hakuongeza jingine. Ilinibidi nizunguke kwa wenzangu mmoja mmoja nikiyafuta maneno yangu, na wapo ambao mpaka leo hawajarudi. Neno baya likishatoka halirudi kwa urahisi lilivyokwenda.

Tangu hapo nimejiwekea namna ya kujibu ninapoulizwa pakoje. "Pazuri" na "pabaya" nimeyaacha, kwa kuwa hayamsaidii anayeuliza. Nasema nilikwenda siku gani na saa ngapi, niliagiza nini, kilikujaje, na nimekwenda mara ngapi. Mfano: nilikwenda Jumanne saa 8 mchana, supu ilikuja ya moto kweli na nyama ilikuwa laini, nilisubiri dakika 40 kwa sababu mhudumu alikuwa mmoja kwa meza tisa, ndiyo mara yangu ya kwanza. Mwenye mapumziko ya nusu saa akisikia hivyo atatafuta pengine. Mwenye jioni nzima atakwenda na atashiba. Wote wawili nimewaambia maneno yaleyale, kila mmoja kaamua kwa shida yake. Ningesema "pabaya, wanachelewesha", yule wa pili ningemnyima supu nzuri.

Hilo la mara ngapi nalisisitiza zaidi, maana hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Jiko lina siku zake: mpishi kaugua, gesi imekatika katikati ya kazi, kundi la watu 30 limeingia bila taarifa. Wahakiki wanaolipwa kwa kazi hii wanalijua jambo hilo. Kwenye gazeti la The New York Times, Craig Claiborne, aliyeanza kuhariri kurasa za chakula mwaka 1957, ndiye anayekumbukwa kwa kuweka utaratibu wa mhakiki kufika zaidi ya mara moja, bila kujulikana, na bili ikalipwa na gazeti. Baadaye mwenzake Ruth Reichl alifika kwenye mgahawa maarufu wa Le Cirque akiwa amejibadilisha sura, amevaa wigi, na mara nyingine akafika wakamtambua. Mwaka 1993 aliandika hadithi mbili za mahali pamoja. Alipokuwa mtu asiye na jina alisubirishwa na kudharauliwa. Alipotambuliwa meza ilikuwa tayari, na hata matunda juu ya kitindamlo yalikuwa makubwa zaidi. Akaushusha kutoka nyota nne hadi tatu. Mimi sina gazeti la kunilipia, lakini nimejifunza kumtazama anayekula meza ya jirani. Kama mwenye mgahawa ananijua na sahani yangu imejazwa kuliko ya mgeni aliye pembeni yangu, hilo nalo ni sehemu ya maoni yangu, na nalisema.

Kuhusu ladha sitakaa sana. Nisichokipenda si kosa la mpishi. Kama pilipili inanishinda, nasema pilipili ilikuwa kali, na anayependa pilipili atakwenda mbio.

Nyota za kwenye simu ni jambo jingine. Nazitazama, ila sizitegemei kama zamani. Mwaka 2017 kijana wa London, Oobah Butler, alisajili kibanda cha bustani alimokuwa anaishi kama mgahawa kwenye TripAdvisor, mtandao ambako watu huandika maoni yao kuhusu mahali walipokula. Hapakuwa na jiko wala mpishi. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea ndevu, na rafiki zake wakaandika sifa. Kufikia Novemba mwaka huohuo kibanda kilikuwa cha kwanza kati ya migahawa yote ya London iliyomo humo, na watu walipiga simu kuomba meza. Alitaka kuonyesha udhaifu, akauonyesha. Lakini wapo wanaofanya hivyo kwa biashara, wanaonunua sifa zao na matusi kwa jirani. Marekani iliweka kanuni mwaka 2024 ya kuwatoza faini wanaouza na kununua maoni ya uongo. Tangu 2016 ilikuwa pia na sheria inayokataza mikataba ya kumziba mteja mdomo asiseme la kweli. Naona sheria hizo mbili zinafaa kuwa pamoja, kwani anayelipia sifa na anayemziba mteja mdomo wanamkosesha mlaji kitu kilekile.

Na nyota zenyewe zina uzito ambao anayebofya akiwa na hasira haufikirii. Mchumi Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza migahawa ya jimbo la Washington, akaona mwaka 2011 kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao mwingine wa maoni kama huo, iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Tena ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea. Ile ya makampuni makubwa yenye matawi kila kona haikutikisika. Nilipolisoma hilo nilimfikiria mama wa kibandani. Kampuni kubwa ina matangazo na jina. Yeye ana maneno yetu tu. Kwa hiyo mimi naona anayekula kwenye kibanda kidogo ana deni la usahihi kubwa kuliko anayekula penye jina kubwa, na sifa ya kweli nayo anadaiwa vilevile. Wengi wetu tunaandika tukiudhika tu. Tukishiba vizuri tunafuta mdomo na kuondoka.

Je, kuna wakati wa kusema palepale bila kusubiri mara ya pili? Upo, na ni usafi. Chakula kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa 2 bila kupashwa wala kupoozwa, au kikiwekwa cha vuguvugu badala ya kuwa cha moto wa zaidi ya nyuzi 60, hapo kinakwenda kinyume cha maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Kisu kilichokata nyama mbichi kikihamia kwenye kachumbari bila kuoshwa, simalizi sahani. Namwita mhusika, namwonyesha nilichoona. Akinijibu kwa dharau, nitawaambia wengine nilichoona kwa macho, bila kuongeza "nasikia" wala "wanasema". Kuona naruhusiwa kusimulia. Kuhusu kuugua, nahesabu saa kwanza.

Lililo gumu kuliko yote ni pale mwenye mgahawa ni mtu wako. Ndugu yangu wa karibu alifungua mgahawa na siku ya ufunguzi tulimsifu mpaka akalia kwa furaha. Wali ulikuwa mbichi katikati. Nililala nikiwaza. Kumwambia mbele za watu kungekuwa kumvunjia heshima, na kunyamaza kungekuwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilirudi asubuhi kabla hajafungua, nikamkuta anachambua mchele, nikakaa nikachambua naye. Nikamwambia, "Jana wali wa sufuria kubwa haukuiva katikati. Ule wa sufuria ndogo ulikuwa safi kabisa." Alinyamaza kidogo, akauliza, "Wewe peke yako ndiye uliyeona?" Nikamwambia hapana, nimeona sahani zilivyorudi. Tangu siku ile anapika kwa sufuria ndogo tatu, na mtu akiniuliza mgahawa wake ukoje namwambia kwamba ni ndugu yangu, ili anisikilize akijua hilo, kisha namwambia ninachojua.

Kwa mama wa kibandani bado nakula. Wiki iliyopita supu ilizidi chumvi. Nilingoja waliokuwa pale kaunta waondoke, nikamsogezea bakuli. "Mama, leo chumvi imezidi kidogo." Akachota kwa upawa, akaonja, akakunja uso, akaongeza maji ya moto na kuchochea moto chini ya sufuria. "Kaa dakika kumi," akaniambia. Nikakaa.