Maripota wapya wa Mombasa, chungeni sana hiki kitenzi "defame"

Wadogo zangu mnaoanza kuandika habari kwa Kiingereza, stori zenu huwa nazipitia kabla hazijafika kwa edita na kitenzi kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni "defame", manake mnakiweka kila mtu akimsema mwenzake vibaya. Muuzaji wa Kongowea amemwambia jirani yake mbele ya wateja ati mchele wako umechanganywa na mbovu, basi stori inaanza "trader defamed rival". Ishike hapo hapo.

Ukisema defame umeshatoa hukumu, kwamba jina la mtu limeharibiwa na kwamba maneno yenyewe si ya kweli, na wewe huo mchele hata hujauona. Hiyo ni kazi ya jaji. Mpaka hukumu itoke andika "accused", useme nani amedai nini na mwenzake amejibu vipi, na msidhani ukinyunyiza "allegedly" kila mstari umepona, ukirudia tuhuma ya mtu gazetini nawe umeichapisha, na aliyekashifiwa ana miezi 12 ya kukupeleka kortini.

Halafu angalieni kitenzi kinashika nini. Defame humshika mtu mwenyewe, "he defamed the contractor". "Tarnish", "sully" na "besmirch" hushika jina lake, sifa yake, heshima yake, ukiandika "he besmirched the chief" msomaji ataona chifu kapakwa masizi usoni. Tarnish ndio naipenda zaidi kwa kazi yetu, asili yake ni madini kupoteza mng'ao kama bangili ya fedha iliyokaa kabatini, na haisemi kama maneno ni kweli au uongo. Afisa akihukumiwa kwa hongo waweza kusema kesi ile ime-tarnish jina lake, lakini hakuna aliyem-defame, aliyoandikwa ni ya kweli na ukweli ni utetezi kamili. Besmirch ni zito na la kizamani, wanasiasa wanalipenda kwenye taarifa zao, liacheni ndani ya nukuu. "Smear" nayo inabeba nia, yaani mtu amepanga kabisa kumpaka mwenzake matope, kwa hivo kama huna ushahidi wa hiyo mipango usiiguse.

Sasa hili naomba mlishike vizuri kwa sababu linaumiza watu wasio na hatia. Msiandike "arrested for defamation" bila kusoma hati ya mashtaka. Februari 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, tangu hapo kukashifu chini ya kifungu hicho si jinai tena, ni kesi ya madai, kwa hivo polisi wakimkamata mtu ulizeni ni sheria gani hasa wanatumia, na jibu hilo ndio stori yenyewe.

Na kesi ya madai ikiisha pale Mahakama ya Mombasa, mdaiwa akishindwa, si "found guilty of defamation". Ni "found liable", yaani anawajibika kwa madhara aliyomsababishia mwenzake. Guilty ni ya jinai, na mtu ana duka lake, ana watoto shuleni, kesho majirani watasoma gazeti waseme kumbe huyu ni mhalifu, na mahakama haikusema hivyo.